Mtu Ajaye: Kufundisha Maadili ya Mazingira Kolwezi

Kozi ya maadili ya mazingira niliyosomeshwa Lubumbashi ilianza na mtu wa mwisho duniani. Hadithi ni ya Richard Routley, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Australia. Aliitoa mwaka 1973 katika kongamano la dunia la falsafa huko Varna, Bulgaria. Wanadamu wote wamekufa, amesalia mmoja tu. Kabla ya kukata roho anaangamiza kila anachokikuta: anafyeka miti, anaua wanyama, anatia sumu mitoni. Hakuna atakayeumia, maana hakuna atakayebaki. Je, ametenda ubaya? Ukijibu ndiyo, umekubali kwamba mti na mto vina thamani hata pasipo mtu wa kuvitumia.

Ni hadithi kali, na mpaka leo naipenda. Nilipoanza kufundisha Kolwezi, jiji la migodi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, niliisimulia katika somo la kwanza, nikangoja mabishano. Darasa likanyamaza. Kisha kijana mmoja wa Kasulo akainua mkono. "Profesa," akasema, "huyu mtu wa mwisho hatumjui. Sisi tunamjua mtu anayefuata." Akaeleza habari za nyumba moja mtaani kwao. Mwenyewe alichimba mawe chini ya sebule mpaka yakaisha, akaziba mdomo wa shimo, akapiga sakafu juu yake, akapangisha. Familia iliyohamia ililala juu ya utupu bila kujua. Swali la kijana lilikuwa hili: yule mwenye nyumba alimkosea nani, na tangu lini? Siku alipochimba, wapangaji hao hawakuwepo. Hakuwajua kwa sura wala kwa jina.

Swali hilo nimelibeba katika ualimu wangu wote, na kila nilichosoma baadaye nimekisoma kwa ajili yake.

Asiyeijua Kasulo aelezwe kidogo. Ni mtaa wa watu kuishi, ndani ya jiji, wenye parseli (viwanja vya nyumba), makanisa na shule kama mtaa mwingine wowote. Mwaka 2014 habari zilienea kwamba chini yake kuna kobalti, na haukupita muda watu wakawa wanachimba uani, jikoni, hata chumbani, midomo ya mashimo ikifunikwa kwa maturubai ya plastiki. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa, pakawa mahali maalumu pa uchimbaji wa mikono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven, Ubelgiji, waliwapima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto, na matokeo yakachapishwa 2018: watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi hivi zaidi kuliko watoto wa mahali pengine. Mtoto hahitaji kushika sururu ili madini yamwingie mwilini. Vumbi la uani anakochezea linatosha.

Katika sheria zetu, mwenye parseli anamiliki haki ya kukaa juu. Kilicho chini ni cha Taifa. Jambo hilo lina mizizi katika sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, na likarudiwa katika sheria za madini zilizofuata. Wanafunzi wangu wanalijua kwa uchungu, kwa sababu huwa linakumbushwa siku ya kuhamishwa. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa makwao kwa nguvu kupisha upanuzi wa migodi ya shaba na kobalti. Niliisoma ripoti hiyo na darasa, sehemu kwa sehemu, na tulipofika mwisho nikawauliza swali la kifalsafa ambalo ripoti haikuwa na kazi ya kuliuliza: kama kilicho chini ni cha Taifa, Taifa ni nani? Ni sisi tuliopo leo tu? Taifa lililokuwa la baba zetu kabla hatujazaliwa haliwezi kugeuka ghafla kuwa letu peke yetu kwa kuwa zamu yetu imefika. Basi wasiozaliwa nao ni wamiliki. Hawana hati, hawana mdomo, lakini wamo.

Watu hudhani falsafa ililetwa Kolwezi na chuo kikuu. Ilitangulia. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekwisha kuchapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mjini Élisabethville mwaka 1945, alikuja kuhudumu kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière huko Ruwe, karibu na Kolwezi. Hapo, kuanzia mwaka 1953 hivi, mazungumzo yake na wachimbaji na wake zao yalizaa vuguvugu la Jamaa. Wanajamaa waliitana baba na mama. Walikutana majumbani, wakajadili kwa Kiswahili mawazo makuu matatu: uzima, uzazi, mapendo. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Hakusoma zaidi ya kujua kuandika jina lake, lakini aliweza kukaa hadi usiku wa manane akipima na wenzake uzazi ni nini. Alikuwa akisema kwamba mtu hazai mwili tu. Unazaa kwa neno lako na kwa namna unavyoishi, na yule unayemzaa ana haki juu yako kabla hujamwona uso. Nilikuwa mdogo, nilisikia huku nasinzia kwenye mkeka. Nilipokuja kuwasoma wanafalsafa wa Ujerumani na Marekani wakihangaika jinsi mtu asiyekuwepo anavyoweza kuwa na haki, niliona kwamba bibi alikuwa ameingia katika mjadala huo kwa mlango wake mwenyewe.

Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimkosoa Tempels bila huruma. Hakuna watu wanaofikiri wote kwa kichwa kimoja, alisema, na falsafa haiwezi kuwa mawazo yasiyo na mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Nisichokubali ni kuwatupa wale baba na mama wa Ruwe pamoja na kitabu cha padri. Wao hawakuwa kabila lililolala na kuota falsafa. Walikuwa watu mmoja mmoja, wamerudi kazini wamechoka, wakibishana na kujibizana juu ya namna ya kuishi. Sijui kazi nyingine inayostahili kuitwa falsafa zaidi ya hiyo.

Ilinibidi hata hivyo nipate njia ya kutoka kwenye sebule ya Kasulo hadi kwenye dunia nzima, na aliyenionyesha ni Mkenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Julai 1991 aliukusanya ulimwengu wa wanafalsafa Nairobi kujadili falsafa, binadamu na mazingira. Mwaka 1994 mijadala hiyo ikatoka kitabuni, na mwaka uliofuata akafariki, akiwa bado na mengi ya kuandika. Odera Oruka anatutaka tuione dunia kama familia ambayo baadhi ya watoto wametajirika na wengine ni hohehahe. Hawakufika hapo kwa bidii peke yake. Kuna historia ya ukoo, kuna bahati, kuna vipaji ambavyo hakuna aliyejipa mwenyewe. Wamelelewa na wazazi walewale, kwa hiyo aliyenacho ana deni kwa asiyenacho, na hawezi kusimama akasema mali hii ni yangu tu, nyinyi kaeni mbali. Mimi ninapoifundisha familia hiyo naongeza watoto walio bado tumboni. Sidhani Odera Oruka angekataa.

Hapa ndipo darasa hukasirika, na hasira hiyo nimejifunza kuiheshimu kuliko makofi. Binti mmoja aliniambia: "Mama yangu anauza makala, makaa ya miti. Ada yangu inatoka humo. Mnatufundisha kwamba anaua msitu." Ni kweli kwamba msitu wa miombo umerudi nyuma sana kutoka mjini. Wanaoleta makala kwa baiskeli sasa wanatoka mbali kuliko zamani, na uyoga na viwavi ambavyo akina mama walikuwa wakiokota karibu na nyumba, leo hununuliwa sokoni. Msitu unaumia, na mama yule ana sehemu yake. Lakini sehemu yake ni ipi?

Jibu nililofikia, baada ya miaka ya kulijaribu mbele ya watu wenye haki ya kulikataa, ni kwamba wajibu upimwe kwa uchaguzi alionao mtu. Mama wa makala anachagua kati ya kuuza na watoto kukosa bukari, ugali wetu. Umeme unapita juu ya kichwa chake kwenye nyaya za msongo mkubwa ukielekea mgodini. Jikoni kwake haufiki, wala kwa wale anaowauzia. Aliyepanga nyaya zile alikuwa na uchaguzi mpana zaidi, na anayesaini mikataba ana mpana kuliko wote. Uzito uende huko. Hata hivyo simwambii binti kwamba sehemu ya mama yake ni sifuri, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa nimemwondoa mama katika hesabu ya watu wanaotenda na kuamua. Mama mwenyewe, nilipokutana naye siku ya kufunga mwaka, alinieleza anaagiza miti gani isikatwe na kwa nini. Alikuwa na maadili yake ya msitu, yaliyopangwa vizuri, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kipimo hichohicho ndicho nilichokishika Juni 2019. Tarehe 27 ya mwezi huo udongo uliporomoka katika shimo la mgodi la KOV na kuua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Siku zile jiji zima lilikuwa likisema sentensi moja: waliingia bila ruhusa. Hilo halikuwa uongo. Nilichowaomba wanafunzi ni kuendelea kuuliza pale sentensi ilipoishia. Waliingia bila ruhusa kwa sababu ruhusa ilikuwa wapi? Sheria inasema dola litenge maeneo ya uchimbaji wa mikono. Maeneo yenye mawe ya kufikiwa kwa sururu ni machache, na mengi kati ya hayo yamekwisha kupewa wawekezaji. Kijana ana uchaguzi gani? Mnunuzi wa mawe anayepunja mizani ana upi? Kiwanda cha betri kina upi? Nchi yetu hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Mtu wa Brussels au Shanghai anayewasha gari lisilotoa moshi anafanya jambo jema kwa hewa tunayoivuta sote. Sitaki mwanafunzi wangu alidharau hilo, kwani ukame ukiongezeka ni mahindi yetu yatakayonyauka. Lakini usafi wa hewa ya kule umelipiwa kwa vumbi la hapa, na hilo nalo liandikwe kwenye bei. Nimelisema katika mikutano ya Ulaya mbele ya watu wema, wengi wao wakitikisa kichwa kwa masikitiko. Masikitiko hayajawahi kufukia shimo.

Nilikaribia, katika miaka hiyo, kumsahau Routley kabisa. Kila kitu kwangu kilikuwa watu: waliopo, waliokufa, wanaokuja. Kilichonirudisha ni vilima vya shaba. Katikati ya msitu wa miombo kuna vilima ambavyo juu yake miti haioti, udongo una shaba nyingi mno. Badala yake kuna majani na maua yaliyozoea sumu hiyo kwa muda mrefu. Zaidi ya aina 30 za mimea hiyo hazipatikani popote duniani isipokuwa katika ardhi ya shaba ya Katanga. Mmea mmojawapo wa vilima hivyo unaojulikana sana ni Haumaniastrum katangense, mdogo, wenye ua la zambarau. Wahunzi wa zamani, wale walioyeyusha shaba kiangazi mavuno yakishaisha na kuimimina kwenye umbo la misalaba, waliyasoma majani kabla ya kuchimba. Mmea huo huota pia palipokuwa na tanuri zao, hata wanaakiolojia wameufuata na kuzipata. Misalaba yenyewe ilisafiri mbali. Katika makaburi ya zamani ya bonde la Upemba wafu walizikwa nayo.

Niliwapeleka wanafunzi kwenye kilima kimoja ambacho kilikuwa tayari kimewekewa vigingi vya mgodi. Tuliketi juani, tukazungumza. Kijana ambaye baba yake alikuwa dereva wa magari makubwa ya mgodini alilishika ua, akaliangalia kwa muda, akauliza kama nalo lina mtu wake anayefuata. Alimaanisha mbegu. Kilima kikiondolewa, mbegu zake zitaangukia wapi? Haliwezi kuhamia kwingine kama sisi tunavyohamishwa. Hapo nikamwelewa bibi kuliko nilivyokuwa nimemwelewa: uzazi hauko kwetu peke yetu. Ua lile limekuwa likijizalisha pale kabla ya mhunzi wa kwanza, na kukatisha mwendo huo ni kutenda jambo zito hata kama hakuna binadamu atakayekosa chakula kwa sababu yake. Nilirudi kufundisha habari za mtu wa mwisho, safari hii baada ya kilima, na mabishano yalikuja.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia neno deni. Baba yangu alichimba shaba Kamoto, chini ya ardhi. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya Taifa, ilitoa tani 476,000 za shaba. Sehemu fulani ya tani hizo ilipitia mikononi mwake, na kutokana nazo mimi nilisoma, nilitibiwa, nilikula posho ya unga kila mwezi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji wa kampuni ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Baba alikuwa akitazama milima ya udongo uliotolewa ardhini na kusema kwamba mahindi ukivuna utapanda tena, shaba haioti. Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anaeleza kazi yake. Mimi ni shaba iliyogeuzwa kuwa elimu, na shaba ile haipo tena kwa ajili ya mtoto mwingine. Kwa hiyo sizungumzi juu ya wadeni nikiwa nimesimama pembeni.

Mwaka 2018 sheria ya madini ilirekebishwa, na ndani yake kuna jambo ambalo nililisoma mara nyingi kabla ya kuamini. Mrabaha unaolipwa na migodi hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta, uchifu au manispaa yenye mgodi, na 10 kwa Mfuko wa Madini wa Vizazi Vijavyo. Vizazi vijavyo. Wasiozaliwa wametajwa katika sheria ya madini kama watu wenye fungu lao. Wanafalsafa wa nchi kubwa wameandika rafu nzima za vitabu kujadili kama jambo hilo linawezekana, na sisi tumeliweka katika ibara.

Kisha huwa nawapa wanafunzi kalamu. Chukua kobalti ya dola 100. Imetangazwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ni asilimia 10, yaani dola 10. Fungu la vizazi vijavyo ni asilimia 10 ya hizo: dola moja. Kwa shaba, ambayo mrabaha wake ni asilimia 3.5, fungu lao ni senti 35. Hilo ndilo tunalomwachia mtu ajaye kwa jiwe ambalo hatalikuta. Kila mwaka hesabu hiyo ikiandikwa ubaoni darasa hutulia, halafu linalipuka. Wengine husema senti 35 ni bora kuliko utupu chini ya sebule. Wengine huuliza nani anakaa kwenye vikao vya mfuko, maana wote ni watu wa leo wenye njaa ya leo. Binti mmoja alipendekeza kwamba katika kila kikao ateuliwe mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kusema kwa niaba ya asiyezaliwa, na asiruhusiwe kusema lingine lolote. Nimelipeleka pendekezo lake kila nilipopewa nafasi, na nitaendelea. Mimi mwenyewe naamini fungu hilo ni dogo mno, na naliona kama mwanzo wa ubishi ambao Wakongo wana haki ya kuuendesha kwa sauti kubwa.

Sheria hiyohiyo inautaka mgodi utenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka, na ukubaliane na jamii hizo juu ya daftari la masharti. Vijiji vingi vinaketi mezani na wanasheria wa kampuni bila mtu wa kuwasomea Kifaransa cha mkataba. Ndiyo maana kozi yangu sasa ina sehemu ambayo haikuwepo mwanzoni: wanafunzi hutafsiri ibara kwa Kiswahili cha Katanga, wanakaa chini ya mwembe na wazee na akina mama, wanasoma, wanaulizwa, wanarudi na maswali ambayo mimi sina jibu lake. Mzee mmoja alimuuliza mwanafunzi wangu kama daftari linaweza kudai kwamba mto urudishiwe samaki. Tulitumia wiki mbili kutafuta.

Mwaka huu kijana mmoja ameamua kazi yake ya kumaliza masomo iwe juu ya ile asilimia 15. Amechagua sekta moja ya vijijini na ameomba miadi na ofisi yake baada ya mvua kwisha, njia ikishapitika. Wenzake wawili wataenda naye kuandika. Maswali yamekwisha kupangwa: fedha kiasi gani ziliingia mwaka uliopita, nani aliamua matumizi yake, nini kimejengwa ambacho bado kitakuwa kimesimama mgodi utakapofungwa, na kama ofisi itakubali majibu hayo yasomwe kijijini kwa sauti.